Muhuri na Mfuko

 Wasikilizaji, mimi ni mtu wa Temeke. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Niliingia Dar es Salaam mwaka 1984 na begi moja na barua ya kupangiwa kituo, na tangu hapo nimebadilisha mabati mara mbili na wapangaji mara nyingi, mtaa sijabadilisha. Nimealikwa leo nizungumze kama mwananchi kuhusu siasa za jiji na za serikali. Nitazungumza kuhusu mtaro.

Mtaro wenyewe uko mbele ya nyumba yangu. Ni wa zege, umenyooka, ulijengwa na mradi mmoja mkubwa miaka kadhaa iliyopita, na siku ya uzinduzi kila aliyehudhuria alipewa chupa ya maji. Chupa zile nadhani bado zimo humo. Juu yake pamekaa mchanga, maganda ya miwa, kiatu cha mtoto cha upande mmoja, na nepi zisizo na idadi. Mvua ikinyesha nusu saa tu, maji yanakosa njia, yanageuka kuingia majumbani.

Masika hii yalimpata jirani yangu, mama anayekaanga maandazi. Alinigongea alfajiri, kanga imelowa hadi magotini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kulikoni?"

"Unga wote umelala kwenye maji. Twende kwa mwenyekiti."

Tukaenda. Mwenyekiti wetu wa mtaa ni kijana niliyemfundisha kusoma na kuandika, na bado ana ile tabia ya kusimama nikiingia. Ofisi yake ni chumba kimoja chenye meza, benchi, kalenda ya mwaka juzi na bendera. Watu walikuwa wameshajipanga. Mmoja anataka barua ya utambulisho apate kitambulisho cha taifa, mwingine anataka barua akafungue akaunti, wa tatu anataka kwenda kumdhamini mdogo wake kituoni. Wote shida yao ni ileile: karatasi na muhuri. Tulipomweleza habari ya mtaro, kijana alishusha pumzi.

"Mwalimu, ukitaka barua nakuandikia sasa hivi, muhuri huu hapa. Ukitaka chepe, sina. Mimi nimepewa muhuri, mfuko wanao wengine."

Nimetembea na maneno hayo wiki nzima. Barua alituandikia, tena nzuri, na mama wa maandazi na mimi tukaipeleka kwenye ofisi tatu ambazo sitazitaja, maana zote zilitupokea kwa adabu. Ya kwanza ilitwambia mtaro ni sehemu ya barabara, tuwaone watu wa barabara. Ya pili ilitwambia uchafu uliomo ni taka ngumu, tuwaone watu wa usafi. Ya tatu ilitwambia maji yanayopita humo yana harufu ya choo, kwa hiyo huenda ni suala la majitaka. Basi tukarudi nyumbani tukiwa tumeelimika sana. Mtaro mmoja, wa hatua arobaini kwa kukisia, una zege la mmoja, mchanga wa mwingine na harufu ya wa tatu.

Sasa msikilizaji, tuangalie tunavyotawaliwa, kwa sababu wengi tunapiga kura bila kujua tunamchagua nani afanye nini. Mimi mkazi wa Dar es Salaam nina mwenyekiti wa mtaa niliyemchagua. Nina diwani wa kata niliyemchagua. Nina mbunge niliyemchagua. Meya simchagui, anachaguliwa na madiwani wenyewe kwa wenyewe. Halafu wanakuja wakubwa wa kazi. Mkuu wa mkoa anateuliwa na Rais. Mkuu wa wilaya anateuliwa na Rais. Mkurugenzi wa manispaa, yule anayeshika kalamu ya kusaini malipo, naye anateuliwa na Rais. Hata wizara inayosimamia serikali hizi zetu za chini, TAMISEMI, iliwahi kuwekwa ndani ya Ofisi ya Rais. Ilihamishiwa huko mwishoni mwa mwaka 2015 kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu. Kuna pia balozi wa nyumba kumi, ambaye ni kiongozi wa chama wala si wa serikali, lakini jirani akigombana na mkewe usiku wa manane watu wanaanzia kwa balozi. Mazoea hayasomi katiba.

Na katiba tunayo. Ibara ya 146 inasema sababu ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Naipenda ibara hiyo. Niliwahi kuwafundisha watoto wa darasa la sita wakaikariri, mmoja akaniuliza, "Mwalimu, yamefika?" Nikamwambia akae chini.

Madaraka yana safari ndefu hapa mjini. Yamekuwa yakiletwa na kuchukuliwa, yakiletwa tena na kuchukuliwa tena, kama jungu la mkopo. Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam alikuwa mshairi, Sheikh Kaluta Amri Abedi, yuleyule aliyeandika kitabu cha sheria za kutunga mashairi. Alishika umeya mwaka 1960. Nadhani mtu aliyezoea kuhesabu mizani hakupata taabu kusoma bajeti. Tarehe 10 Desemba 1961, siku moja baada ya Uhuru, mji ukapata hadhi ya jiji.

Miaka kumi na moja baadaye, mwaka 1972, yakaja madaraka mikoani. Jina lilikuwa tamu. Kilichofanyika ni kwamba halmashauri za kuchaguliwa zilifutwa, za wilaya zikatangulia na za miji zikafuata, na kazi zake wakapewa maofisa waliotumwa kutoka serikalini. Wazee niliowakuta hapa Temeke walinisimulia namna mitaro ilivyoziba miaka hiyo, taka zikalala, kipindupindu kikabisha hodi. Mwaka 1978 ikatungwa sheria ya kuzirudisha halmashauri za miji. Mwaka 1982 zikatungwa zile sheria mbili, namba 7 kwa ajili ya wilaya na namba 8 kwa ajili ya miji, ambazo hadi leo ndizo msingi. Mimi naingia mwaka 1984, halmashauri ndiyo kwanza zinajifunza kutembea upya nchini kote.

Hazikutembea vizuri, hilo nalo tuliseme. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 jiji hili lilikuwa linanuka. Nakumbuka kuwazungusha wanafunzi barabara nyingine ili wasipite kwenye lundo la taka lililokuwa limekua mpaka mbuzi wanapandia. Mwaka 1996 Waziri Mkuu wakati huo, Frederick Sumaye, akalivunja baraza la jiji, ikaundwa Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Na Tume ilifagia. Vibanda vilivyoziba njia vikabomolewa, taka zikaanza kuzolewa, barabara zikafukiwa mashimo. Watu walifurahi kiasi kwamba Tume ilipomaliza kazi mwaka 2000, mwenyekiti wake aligombea ubunge wa Ubungo akapata, akapewa na uwaziri wa kilimo. Ningekuwa mkazi wa Ubungo, huenda ningempa kura yangu.

Hapo ndipo kwenye mtego. Baraza la kuchaguliwa likiboronga, serikali kuu inalivunja, wateule wanakuja wanafanya kazi, sisi tunapiga makofi. Tunajifunza somo baya: kwamba anayechaguliwa ni wa kupiga maneno na anayeteuliwa ni wa kupiga kazi. Hakuna aliyeuliza swali la mwalimu wa hesabu: Tume ilipewa nguvu gani ambayo baraza halikuwa nayo? Ukimfunga mtu mikono kisha ukamlaumu kwa kushindwa kuogelea, anayefuata ukamwacha huru akaogelea, umepima nini?

Wala tusidhani ni sisi peke yetu. Majirani zetu wa Nairobi waliongozwa na tume ya kuteuliwa tangu mwaka 1983 hadi uchaguzi wa 1992. Wakaja wakapata katiba mpya mwaka 2010, wakachagua gavana wao wa kwanza mwaka 2013, na bado mwaka 2020 kazi kubwa za kaunti ya Nairobi zikahamishiwa kwa chombo cha serikali kuu kilichoongozwa na meja jenerali. Mji wenye pesa na kelele ni kama mtoto mzuri wa mjomba, kila mkubwa anataka akae kwake.

Turudi kwetu. Baada ya Tume tukapewa Halmashauri ya Jiji juu, na chini yake manispaa tatu: Ilala, Kinondoni na Temeke. Baadaye zikaongezeka Ubungo na Kigamboni zikawa tano. Uchaguzi wa 2015 upinzani ukapata madiwani wengi hapa mjini, na mwaka 2016, baada ya uchaguzi wa meya kuahirishwa mara kadhaa, akapatikana meya wa Jiji kutoka CHADEMA, Isaya Mwita. Januari 2020 madiwani wakamwondoa kwa kura. Februari 2021 Rais Magufuli akaivunja Halmashauri ya Jiji yenyewe. Hoja yake haikuwa ya hovyo. Jiji lile lilikuwa na ofisi, meya na magari, lakini eneo lake lilikuwa ni lilelile la manispaa. Mtu mmoja alikuwa na serikali mbili za mitaa juu ya kichwa chake. Ilala ikapandishwa hadhi, ikawa ndiyo Jiji la Dar es Salaam.

Sijui kama wenzangu mmeelewa matokeo yake. Tangu siku hiyo sisi wa Temeke tuko Dar es Salaam lakini hatuko katika Jiji la Dar es Salaam. Sisi ni manispaa. Wa Mbagala si wa Jiji. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiko Ubungo, kwa hiyo kisheria kiko nje ya Jiji la Dar es Salaam. Simba na Yanga makao yao yako Kariakoo na Jangwani, ndani ya Jiji, lakini wakikutana Uwanja wa Mkapa wanakuwa wametoka nje ya Jiji wakaja kututembelea sisi Temeke. Nilimweleza mjukuu wangu, akasema, "Babu, basi Jiji ndilo huwa linacheza ugenini."

Tunacheka, lakini kuna jambo limepotea humo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Hakuna chombo hata kimoja cha kuchaguliwa kinachowakalisha wote hao meza moja. Mto Msimbazi hausomi mipaka. Unakusanya maji na taka za watu wengi ukaenda kuyamwaga Jangwani, ambako mwaka 2011 mafuriko yaliwahamisha watu wakapelekwa Mabwepande, na ambako hata hivyo ikajengwa karakana ya mabasi ya mwendokasi, nayo ikafurika. Meya watano, na mto unapita kwa zaidi ya mmoja wao. Anayewaunganisha ni mkuu wa mkoa, ambaye hatumchagui. Yeye na wakuu wa wilaya wana uwezo kisheria wa kuagiza mtu akamatwe na kuwekwa ndani hadi saa 48. Diwani hana uwezo huo, na namshukuru Mungu kwa hilo, lakini linganisha tu uzito.

Na mfuko? Mfuko nao umekuwa ukihama polepole, bila tarumbeta. Zamani mhandisi wa manispaa ndiye aliyeshughulikia barabara zetu za mitaani. Tangu Julai 2017 kazi hiyo ni ya TARURA, wakala wa serikali kuu, na barabara kuu ni za TANROADS. Ushuru wa kuegesha magari nao ukaenda TARURA. Maji na majitaka ni DAWASA. Kila uhamisho ulikuwa na sababu yake, na baadhi ya barabara kweli zimetengenezwa. Sina ugomvi na wahandisi. Ninachosema ni kwamba diwani wangu anabaki kwenye kikao akiuliza maswali, na anayeulizwa bosi wake hayumo kikaoni.

Kodi ya majengo ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu ndiyo kodi ya mtaa kuliko zote. Unalipa kwa kuwa na nyumba hapa, kando ya mtaro huu. Katika nchi nyingi hiyo ni chakula cha serikali ya mtaa. Mwaka 2016 kazi ya kuikusanya ikachukuliwa na TRA, mamlaka ya mapato ya serikali kuu. Mwaka 2021 ikaingizwa kwenye luku ya umeme: ukinunua umeme wa kwanza wa mwezi unakatwa, ilianza na shilingi 1,000 kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Wepesi wake nausifu. Hakuna foleni, hakuna kukimbizana na makarani. Lakini pesa inapanda kwanza kwenye mfuko mkuu, halmashauri inakaa kusubiri mgawo kama mtoto wa mke mdogo.

Mpangaji naye ana kilio chake. Sheria inasema kodi ni ya mwenye nyumba. Luku ananunua mpangaji. Tangu mwanzo wapangaji waliambiwa wakubaliane na wenye nyumba, warudishiwe kwenye kodi ya chumba. Wewe uliyepanga chumba kimoja Tandika, nenda kamwambie mzee mwenye nyumba kwamba mwezi huu unampunguzia elfu moja. Mimi mwenye nyumba nilimrudishia mpangaji wangu, naye akanishangaa, akadhani namfukuza.

Nilimwuliza mwenyekiti wetu, "Katika hizo elfu elfu zetu za luku, mtaa umepata ngapi?"

"Mwalimu, hata mimi nakatwa."

Halmashauri bado zina leseni za biashara, ushuru wa huduma na ushuru wa masoko, na kutoka kwenye mapato hayo ya ndani zinatakiwa kutenga asilimia 10 kwa mikopo ya vikundi: nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu. Mama wa maandazi alikuwa na kikundi chake kilichojiandaa, vitabu vimepangwa. Aprili 2023 mikopo ikasimamishwa nchi nzima ili utaratibu urekebishwe, na ni kweli kulikuwa na vikundi hewa. Mwaka 2024 ikarudi. Kikundi chake wakati huo kilikuwa kimeshasambaratika, kila mmoja amekopa mahali pengine, kwa riba ya kausha damu.

Sasa tuje kwenye kura za mitaa. Mwaka 2014 mitaa mingi hapa Dar ilikwenda upinzani. Mwaka 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilisusa, vikilalamika kwamba wagombea wao wameenguliwa kwa makosa ya fomu. Novemba 27, 2024 vilirudi, malalamiko ya kuenguliwa yakarudi navyo, na chama tawala kikatangazwa mshindi katika zaidi ya asilimia 98 ya mitaa. Nimefundisha miaka thelathini na tano. Darasa zima likipata 98, mwalimu mkuu hakupi zawadi, anakuuliza mtihani uliufungia wapi.

Nawaambia hivi nikiwa sina kadi ya chama chochote mfukoni. Ya zamani ilishaliwa na mende. Niliwaona wenyeviti wa mitaa wa vyama tofauti, na muhuri ni uleule. Tofauti niliyoiona ni moja: yule aliyekuwa na mpinzani wa kweli akimvizia ateleze, aliitisha mikutano. Alikuja na daftari la mapato na matumizi, tukamzomea, akajibu, tukamzomea tena. Siku hizi mkutano wa mtaa ukiitwa, tunaokwenda ni wastaafu na akina mama wawili watatu, na ajenda ni usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Vijana wanasema wana kazi. Kijana mmoja wa bodaboda alinijibu vizuri zaidi: "Mzee, nikakae saa tatu nimsikilize mtu ambaye naye anasubiri kuambiwa?"

Mtayarishaji wangu hapa ananionyesha saa, basi niwaelezee mtaro umefikia wapi.

Wiki iliyopita tulikutana nyumba kumi na nne, tukachanga shilingi 2,000 kila mlango, mwenyekiti akachanga na yeye. Tukawaita vijana wanne wenye chepe. Walifanya kazi kuanzia saa moja asubuhi hadi adhuhuri, mama wa maandazi akawapikia chai, na chini ya tope tukaliona zege kwa mara ya kwanza tangu uzinduzi. Zege zuri sana. Tope likarundikwa kando ya mtaro, likisubiri gari la kulizoa. Suala la gari ni la nani tukaligundua jioni, vijana wameshalipwa wameshaondoka.

Jana usiku imenyesha. Leo asubuhi nusu ya tope imesharudi nyumbani kwake. Nikiwa njiani kuja hapa studio mwenyekiti amenipigia simu kunituliza. Barua ya kuomba gari, anasema, ameshaiandika, na muhuri ameshaupiga.